Nani kapiga skrinshoti?

Grupu: WATOTO WA BIBI (Bibi hayumo)

Mama Saida: Nani kamwambia Mama?

Mama Saida: Nauliza kwa upole kwanza.

Rukia: Kamwambia nini tena dada

Mama Saida: Kwamba nimepasuliwa goti. Kanipigia alfajiri hii analia. Jirani kaenda kumpa pole! Na presha yake ile. Si nilisema humu asijue mpaka nianze kutembea?

Hamisi: Duh

Faraji: Shikamoo Mama Mkubwa. Pole sana. Goti linaendeleaje?

Mama Saida: Marahaba mwanangu. Goti uvimbe unashuka, sasa umehamia moyoni.

Saida: Nimeipata. Iko kwenye stetasi ya mtu, rafiki yangu kaiona akanitumia. Ngojeni.

Saida: 📷 Picha

Rukia: Eh! Si ile ya juzi ya kitandani? Ya humu humu?

Saida: Ndiyo. Na si picha peke yake, tazameni chini yake. Maneno ya mama yamo yote mpaka "Mama asijue". Jirani kasoma hapo, kisha kavaa viatu kwenda kumweleza.

Rukia: 😂😂 samahani dada, sicheki wewe

Mama Saida: Lakini mimi jana niliifuta. Nikabonyeza kufuta kwa wote, nikaona kabisa imetoka.

Faraji: Imetoka kwenye gumzo. Aliyeipiga skrinshoti anayo kwenye picha zake, huko kufuta kwako hakufiki.

Mama Saida: Na simu isinishtue kwamba kuna mtu anapiga?

Faraji: WhatsApp haisemi. Snapchat ndiyo inamjulisha mwenye ujumbe. Instagram walijaribu kwa stori 2018, wakaacha.

Mama Saida: Sasa lile kufuli wanalotuandikia kila siku, kwamba hata wao hawasomi, la nini?

Faraji: Lipo kweli, tangu 2016 kila ujumbe unafungwa. Ila linamzuia wa njiani. Sisi tuliotumiwa tuko ndani ya nyumba tayari.

Hamisi: Jamani tusitafutane uchawi. Hizi skrinshoti siku hizi zinatengenezwa. Mtu anasevu namba kwa jina analotaka, anajichatisha mwenyewe, anapiga picha. Mimi nisingeiamini.

Saida: Kweli mjomba, zinatengenezwa. Lakini picha ya mama kitandani angeitoa wapi? Tuko watano humu, na aliyeipiga ni mimi, kwa simu ya mama mwenyewe.

Hamisi: La muhimu mgonjwa apone.

Saida: Subiri kwanza. Jina la mama hapo juu limepakwa rangi ya njano. Hiyo ni kalamu ya kukoleza maandishi, haifichi kitu. Nimeongeza mwanga wa picha tu, jina likachomoza.

Rukia: Limeandikwaje

Saida: "Da Mwana Jembe"

Rukia: 😂😂😂😂

Rukia: Kwa hiyo linatokea vile aliyepiga alivyomsevu?

Faraji: Ndiyo mama. Ingekuwa simu yangu ingeandika Mama Mkubwa.

Rukia: Yangu Dada.

Saida: Yangu Mama ❤️. Na pembeni juu betri ni asilimia 4, saa 5 kasoro usiku. Nani humu simu yake usiku iko asilimia 4 kila siku ya Mungu?

Hamisi: 🚫 Ujumbe huu ulifutwa

Rukia: Hamisi unafuta nini

Mama Saida: Hamisi.

Hamisi: Da Mwana nisikilize. Nilimtumia mtu mmoja. Mmoja tu! Akuombee. Na jina nilificha, hilo mbona hamlisemi.

Mama Saida: Na sura je? Hiyo ulinipakia rangi gani?

Hamisi: Sikujua ataitia stetasi. Nimempigia sasa hivi, kaitoa.

Saida: Imekaa tangu jana usiku mjomba. Walioitaka wameshaichukua.

Hamisi: Basi ningekata ile sehemu ya chini yenye maneno. Hapo nakubali nilikosea.

Faraji: Hata kukata usikuamini sana. 2023 iligundulika simu za Pixel za Google ukikata picha kwa programu yake yenyewe, kipande ulichokitoa kilibaki ndani ya faili na mtu aliweza kukirudisha. Walirekebisha, ila zilizokwisha kutumwa zilibaki hivyo hivyo.

Rukia: Faraji mwanangu wewe unatutisha tu, toa dawa.

Faraji: Kuna ile alama ya 1 kwenye kiduara, ya kuona mara moja. Mtu akiifungua haisambazwi wala haisevu, na skrinshoti inagoma. Ila akichukua simu ya pili akaipiga picha ya kwanza, hakuna programu ya kumzuia. Zile jumbe zinazojifuta nazo, ziwe za saa 24 au siku 90, ndani ya muda huo mtu anapiga skrinshoti kama kawaida.

Rukia: Kwa hiyo dawa hakuna. Ungesema hivyo tangu mwanzo 😏

Mama Saida: Hamisi, mimi nisingekukatalia. Ungeniuliza tu, "dada, nimtumie fulani?" Ningekwambia mwambie kwa mdomo, picha yangu na lile gauni la wodini iache.

Hamisi: Nisamehe dada. Kweli.

Hamisi: Gauni halikuwa baya lakini

Mama Saida: Usianze.

Mama Saida: Mama anapiga tena. Ngojeni.

(dakika 20 baadaye)

Rukia: Vipi? Presha?

Mama Saida: Katulia. Sasa kakasirika, na hilo ni afadhali. Anasema ukoo mzima umeiona picha, jirani kaiona, yeye aliyenizaa hajaiona. Saida akienda kwake jioni amwonyeshe kwenye simu.

Saida: Sawa mama. Ila ile halisi uliifuta, mimi nina hii tu ya stetasi na haisomeki vizuri.

Rukia: Mimi nayo ilitoka ulipofuta.

Faraji: Na kwangu.

Mama Saida: Hamisi, ile skrinshoti unayo bado?

Hamisi: Ninayo dada. Ngoja nichaji simu.