Eti mama'angu akalete barua ya sheha kuwa yu hai, na amesimama palepale dirishani!

Wakuu, naandika hapa simu inanitetemeka mkononi. Huyo kijana wa dirishani sina haja ya kumtaja, Unguja nzima inamjua. Yule mwenye kompyuta mpya na adabu iliyokwisha muda wake.

Nimempeleka bi mkubwa kliniki ya presha. Tumeambiwa siku hizi kila kitu kidijitali, unaweka kidole tu, taarifa zako zote zinatoka. Kidole chenyewe sasa ni cha mwanamke aliyelima mwani Jambiani tangu mimi niko skuli. Chumvi na kamba zimekula alama zote, kimebaki laini kama sahani. Kimashine kikagoma. Akakifuta kwa kanga, kikagoma. Akapakwa spiriti, kikagoma. Gumba, cha shahada, mkono wa kushoto... ilibaki miguu.

Ndipo yule mtoto akasema, hata uso hakuinua: "Mfumo haumtambui. Aende kwa sheha akalete barua kuwa yu hai."

YU HAI! Na mama anamtazama! Anapiga chafya! Presha tuliyokuja nayo ikapanda palepale. Afadhali mashine ya presha, yenyewe ilimtambua.

Barua ya sheha. Ya karatasi. Yenye muhuri. Ili kompyuta iamini! Marehemu gani anabishana dirishani?

UrojoMoto: Pole mkuu. Barua imepatikana au bi mkubwa bado marehemu? 😂

Fundi Kebo: Tatizo si kidole, ni ofisi zisizozungumza. Estonia kule Ulaya wako kama watu milioni 1.3, sisi Zanzibar kwa sensa ya 2022 tunakaribia milioni 1.9, kwa hiyo msisingizie udogo. Tangu 2001 wana X-Road: kila ofisi inakaa na taarifa zake, zikihitajika mifumo inaulizana yenyewe. Cheti cha dawa kiko mtandaoni tangu 2010, unaingia duka la dawa na kitambulisho tu. Wala hawakamui watu vidole, ni kadi na namba ya siri.

Mwenye uzi: Mama'angu na namba ya siri? Ataiandika kwenye kadi hiyohiyo. Lakini angalau asingeambiwa AKATHIBITISHE YU HAI.

Mzee wa Kahawa: Hao Estonia msiwapambe sana. 2017 kadi zao zaidi ya laki 7 zilikutwa na kasoro kwenye chipu, wakahangaika kuzihuisha.

Fundi Kebo: Wakazihuisha, mzee wangu. Siku hizi hata talaka wanaomba mtandaoni.

Bi Chuchu: Talaka ya mtandaoni sisi tunayo kitambo, inaingia WhatsApp saa nane za usiku.

Kungwi Mstaafu: Wewe una bahati shoga. Mimi ilianza na ujumbe wa "tafadhali nipigie".

Mbara Mweusi: Nyie mna nafuu. Huku bara namba ya malipo nimepewa, pesa nimelipa, dirishani naambiwa "malipo hayajasoma". Hayajasoma wapi, yako darasa la ngapi?

UrojoMoto: 🤣🤣 Muhula wa pili yatasoma, vuta subira.

Mwenye uzi: Jamani, mimi namzungumzia mama'angu!

Mzee wa Kahawa: Subiri kwanza, kijana. Bi Kungwi, ulimpigia?