Noti za kwaya katika ufunguo wa chini zinapatikana wapi?

SautiNne
Wakuu, nina PDF ya wimbo wa sauti nne, uko E flati. Soprano wanapanda hadi A flati, ile ya kamstari kadogo juu ya mistari mitano, na pale inakuwa kelele tu. Besi inashuka hadi F iliyo chini kidogo ya mstari wa mwisho. Nakala iliyoshushwa hadi C naipata wapi? Kuna na tarumbeta ya B flati.

MezaYaKinanda
Kupata PDF iliyokwisha kushushwa ni bahati nasibu. Tafuta faili la MusicXML (muundo wa noti ambao programu nyingi za muziki hufungua) au la MuseScore (programu ya kuandika noti) la wimbo huohuo. Kama hakimiliki yake imekwisha, anza na CPDL, maktaba ya mtandaoni ya nyimbo za kwaya: mara nyingi faili la kuhaririwa huwekwa pamoja na PDF. IMSLP, maktaba nyingine ya noti mtandaoni, ni kubwa, ila nyingi ni kurasa zilizoskaniwa.

Lifungue kwa MuseScore, ni ya bure. Ctrl+A, menyu ya Tools, Transpose, chagua ufunguo mpya, kisha "Down". Kisanduku cha alama za kodi za gitaa (chord symbols) kiwe na tiki, la sivyo mpiga gitaa atabaki kwenye ufunguo wa zamani.

BesiChini
Mkuu, kabla ya kubonyeza chochote, hesabu. Kutoka E flati hadi C ni nusu toni tatu. A flati ya soprano inakuwa F, safi kabisa, lakini F ya besi inakuwa D, na hapo besi wengi hutoa pumzi tu. Shusha nusu toni moja, hadi D: soprano G, besi E. E ikiwashinda besi, pandisha noti hiyo moja oktavu nzima, ila angalia isivuke tenor.

Tarumbeta huandikwa toni moja juu ya inavyosikika. Kwaya ikiwa D, mpiga tarumbeta anasoma E yenye shapu nne. Atanung'unika, aanze mazoezi mapema. Shusha wimbo wote kwa pamoja, kisha zima "Concert Pitch" (kitufe cha kuonyesha noti kama zinavyosikika) na karatasi yake itajipanga. Ukiishusha tena karatasi ya tarumbeta peke yake, imehama mara mbili.

SautiNne
Asante. Na nikikosa faili, nikabaki na PDF tu?

MezaYaKinanda
Audiveris, nayo ya bure, husoma PDF na kutoa MusicXML. Skani iwe dpi 300, ukurasa usipinde. Linganisha na asili mstari kwa mstari *kabla* ya kushusha. Nukta, tai (mstari wa kuunganisha noti mbili za sauti moja) na naturali (alama ya kufuta flati au shapu) ndizo huruka. Naturali ndiyo mbaya zaidi: A naturali kwenye E flati inatakiwa kuwa G shapu kwenye D. Programu ikiiruka, unapata G ya kawaida isiyo na alama yoyote, na kwa macho huoni kosa.

DohReMi
Waimbaji wakisoma solfa hawahitaji karatasi mpya. Futa "Doh ni Eb" (yaani E flati), andika "Doh ni D". Kazi yote hiyo ni ya kinanda na tarumbeta.