Naomba ushauri: gharama za gari la kuazimwa wakati langu liko sevisi

Ndugu wanakikundi, salaam. Naishi Leicester, Uingereza, na nimekwama.

Jumatatu asubuhi nilipeleka gari langu gereji kwa sevisi ya kawaida nikaambiwa litakuwa tayari jioni, na kwa kuwa nafanya zamu ya usiku, walinipa gari lao dogo baada ya kusaini karatasi inayotaja pauni 18 kwa siku, mafuta yakiwa juu yangu. Siku moja niliikubali kwa moyo mmoja. Kumbe kipuri walichoagiza kilichelewa, gari likakaa siku 5, na sasa wanadai pauni 90.

Nimezungumza na meneja kwa upole, naye ananionyesha sahihi yangu tu, pale chini kabisa ya karatasi. Hata hivyo, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inasema kwamba anachomwambia mtoa huduma mteja kuhusu huduma hiyo, hata kwa mdomo, kikimfanya akubali, huwa sehemu ya mkataba.

Je, ahadi ile ya "jioni" inatosha kukataa siku 4 za ziada? Na je, nikilipa sasa huku nikiandika kwamba napinga, ili wanikabidhi gari langu, nitakuwa nimepoteza haki ya kudai baadaye?