Winter Banana huku Molo: majani tele, matofaa hakuna

Shamba_Molo: Wadau, miti yangu ya tofaa, aina ya Winter Banana, ina miaka minne, imeunganishwa juu ya shina la MM106 (aina ya tofaa inayotumika kama shina la chini na mizizi). Majani hayapukutiki, na maua hutoka mawili matatu kila baada ya muda. Samadi natia debe mbili kila mti, kila msimu. Kasoro iko wapi? Na tofaa hili huchumwa likiwaje?

Fundi_wa_Miche: Kasoro ni baridi. Aina hii ilitoka Indiana, Marekani, karne ya 19, na macho yake (vichipukizi vilivyofunga) hungoja saa za kutosha za chini ya nyuzi 7 ndipo yaamke pamoja. Usiku wa Molo ni baridi sawa, ila joto la mchana huivuruga hesabu hiyo. Basi ulaze mti mwenyewe, yaani uupumzishe, kama wanavyofanya wakulima wa Batu, kisiwani Java. Acha kumwagilia, kisha katikati ya Januari kata majani yote kwa mkasi ukibakiza kikonyo. Ukiyavuta kwa pupa unang'oa na jicho lililo kwapani mwake. Baada ya wiki chache mwagilia vizuri. Maua yakifunguka kabla ya mvua ya Machi, nyuki watafanya kazi na ukungu hautayawahi.

Njoro_Juu: Sawa, lakini kabla ya mkasi, inamisha matawi. Tawi lililosimama wima hukimbilia kurefuka. Likivutwa kwa kamba hadi karibu kulala, hutoa vijiti vifupi vyenye maua. Na hizo debe mbili zinakuponza! Naitrojeni nyingi huzaa majani, na machipukizi mororo huita vidukari. Weka moja kwa mwaka, mbali kidogo na shina. Je, una aina nyingine karibu? Winter Banana peke yake hushika matunda machache. Panda Anna jirani, mradi zichanue pamoja. Zikishika, punguza: tunda moja kila kishada.

Fundi_wa_Miche: Anna huwahi kuchanua, kwa hiyo ikate majani siku chache baadaye.

Mama_Matunda: Kuchuma: ngoja kijani kigeuke manjano, upande wa jua uwe na wekundu hafifu. Liinue tunda na ulizungushe. Likiachia na kikonyo chake, tayari. Pasua moja, mbegu ziwe kahawia. Ngozi yake huchubuka upesi mno, usilitupe kwenye ndoo. Ulile bila kulipika, maana utamu wake ni harufu, na ukilipika harufu hiyo hupotea. Likikawia mtini nyama hugeuka unga.