Naomba ushauri: kapasita ya kupunguza kelele za redio kwenye Peugeot 504

Ndugu wanachama, ninaomba ushauri kuhusu Peugeot 504 yangu ya petroli, ambayo bado inatumia platini (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili ili cheche itokee). Ninapofungua redio kwenye masafa ya AM, husikika mtatariko unaoongezeka kasi kila ninapokanyaga mafuta. Niliwahi kutoa mkanda wa alternata (kifaa kinachozalisha umeme wa gari) na kuwasha injini ikiwa baridi kwa nusu dakika tu, lakini kelele ilibaki vilevile, ndiyo maana ninaamini chanzo chake ni mfumo wa cheche.

Fundi amependekeza nifunge kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) ya mikrofaradi 2.2 kati ya upande chanya wa koili, yaani kifaa kinachopandisha volti za cheche, na bodi. Ninaelewa kwamba upande hasi haufai kabisa, kwa kuwa huko tayari ipo kondensa ya platini, ambayo nayo ni kapasita, yenye takribani mikrofaradi 0.22, na kuongeza nyingine kubwa kungedhoofisha cheche. Ninachoomba kujua ni hiki: je, kapasita ya volti 100 itahimili joto la injini na misukosuko ya umeme kwa muda mrefu, au nitafute ya volti zaidi? Na je, nianze kwanza na waya za plagi zenye ukinzani, ambazo gari langu halina?