Kijana wangu wa miaka 28 anakula unga. Nimpeleke soba ya mkoani?

MamaWawili: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwanangu alianza unga, hii heroini, akiwa na miaka 22, alipokuwa mpiga debe stendi. Ameuza mtungi wa gesi, godoro, hadi mlango wa choo. Nimepata soba, nyumba ya kukaa hadi waache, iko Morogoro, laki tatu kwa mwezi. Nimpeleke? Naombeni ushauri, silali.

Fundi_Bomba: Pole mama. Mdogo wangu alikaa soba miezi sita, akarudi ana mashavu. Wiki ya pili dishi halipo. Tena siku anaiba, mzee ndiye aliyemshikia ngazi, akidhani anarekebisha king'amuzi 😂

Mzee Kobe: Samaki mkunje angali mbichi. Watoto wa kiume mnawadekeza, wakiharibika mnakuja kulia humu.

Nimeacha: Mzee, mimi baba yangu alinikunja kila siku na unga nilikula miaka tisa. Mama, amewahi kupelekwa methadone, ile dawa ya kunywa kliniki badala ya unga? Ni bure. Kwa bara Muhimbili ndio walianza, 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke.

MamaWawili: Asanteni. Fundi, mdogo wako sasa anaendeleaje?

Nimeacha: Mama, hujanijibu.

MamaWawili: Yupo methadone. Ana mwezi wa nane sasa.

Fundi_Bomba: Kwa hiyo unga ameacha?

MamaWawili: Ameacha. Lakini hiyo si dawa ya kulevya nyingine tu? Kila siku ya Mungu, hata Idi, lazima aende Temeke akanywe mbele ya nesi. Kazi gani atapata? Akirudi anasinzia kibarazani, mtaa mzima unapita unamwangalia. Mimi nataka apone kabisa, arudi alivyokuwa. Na soba nimeshalipa nusu. Nimemwambia tunakwenda msibani.

Nimeacha: Mama, nakuomba usifanye hivyo. Arosto ya unga, yale mateso ya mwili ukiukosa, ni kali ila siku kadhaa inapungua. Ya methadone inachelewa kuanza, halafu inakaa wiki na wiki. Hapo atatoroka tu. Na mwili ukishasahau, kete ile ile aliyoizoea zamani inamuua. Rafiki yangu tulimzika hivyo, siku ya nne tangu atoke soba. Kusinzia kunasemeka: nenda naye kliniki, wataangalia kipimo cha dozi. Lakini huwezi kumkatisha ghafla, tena kwa uongo.

Bi Hidaya: Mwanangu naye ana mwaka wa tatu kwenye dozi. Anauza maji ya baridi, jioni ananiletea mkate. Mkate tu, lakini mimi najua ulivyonifikia.

Mpekuzi: Samahanini, mimi kuna kitu hakiniingii. Mwezi wa tatu huyu mama alileta uzi wa ada, akasema ana watoto wawili, mabinti. Jina lenyewe MamaWawili. Leo kijana katoka wapi? Watu wanatunga visa humu.

Fundi_Bomba: Duh. Nimeenda kuusoma, ni kweli. Mama?

Mzee Kobe: Nilijua tu.

Bi Hidaya: Hata kama ni kisa cha kutunga, alichosema Nimeacha si cha kutunga. Mwacheni ajibu.

MamaWawili: Sijatunga. Ninao watatu, yeye ndiye wa kwanza. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nasema wawili. Nimezoea, mwaka wa tano huu. Nilipokuwa nachagua jina la humu sikufikiria hata kidogo.

Mpekuzi: Nisamehe mama.

Nimeacha: Safari ni lini?

MamaWawili: Kesho, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Shati nimeshampigia pasi.

Nimeacha: Kliniki bado haijafungua saa hizo. Kwa hiyo anaondoka bila dozi.

Bi Hidaya: Mama, upo?

MamaWawili: Nipo. Amekuja mlangoni sasa hivi kuniuliza msiba wenyewe ni wa nani. Sijamjibu.