Mgahawa wa Kiburma Indianapolis: saladi ya majani ya chai isiyo na majani ya chai, na mtoto wa miezi tisa kahesabiwa mteja

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la mapishi. Haya si mapishi, huu ni wizi.

Nimetoka kula, au niseme nimetoka kulipa, kwenye mgahawa mmoja wa Kiburma huku kusini mwa Indianapolis. Jina sitaji, sitaki kesi na mtu. Ila nina hasira, na wale mlioko huku mjue kabla hamjapeleka wageni wenu.

Kwa mlioko nyumbani: upande huu wa mji umejaa watu wa Burma (Myanmar), hasa Wachin, jamii moja ya huko, wengi walikuja kama wakimbizi. Wana maduka yao, makanisa yao, migahawa yao. Ghalani ninakopiga zamu, ukiwatoa wao na Wakongo, tunabaki wa kuhesabika. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sijui chakula chao. Mohinga nimeijua saa ya mapumziko, kwenye makopo ya plastiki ya mama mmoja wa Yangon, jiji la huko Burma, anayepika kwake alfajiri. Ni mchuzi wa kambare, umekolezwa mchaichai, tangawizi na kitunguu saumu, ukafanywa mzito kwa unga wa dengu au mchele uliokaangwa ukasagwa, na ndani mna vipande vya moyo wa mgomba. Unamwagwa juu ya tambi nyembamba za mchele. Juu yake yai la kuchemsha, giligilani, bajia za dengu zilizovunjwavunjwa, unakamulia ndimu, unamalizia na pilipili kavu. Kwao ni kifungua kinywa. Ukishaipata hivyo mara moja, hudanganyiki tena.

Sasa mimi nina mgeni. Baba mkwe yuko huku tangu mwezi uliopita, katoka Tabora. Marehemu baba yake alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni), wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944 wakapigana na Wajapani kwenye tope la masika, bonde la Kabaw hadi Kalewa. Mzee amekua akisikia habari za huko: mvua, ruba, malaria. Aliposikia mtaa wetu una Waburma, akasema, "Mwanangu, nipeleke nikaone hao watu wanakula nini." Ombi dogo tu.

Tukaenda Jumamosi mchana. Mimi, mke wangu, baba na mama mkwe, shemeji yangu, na kichanga chetu kwenye kiti kirefu. Tukaagiza mohinga mbili, wali na mchuzi wa kuku, tambi za mchuzi wa kuku na tui la nazi, na lahpet thoke, ile saladi ya majani ya chai. Hiyo saladi ndiyo niliyokuwa nimemsifia mzee njia nzima.

Mohinga ikaja. Maji! Mchuzi mwepesi hadi unaona tambi zimelala chini ya bakuli. Samaki nikamtafuta kwa kijiko. Bajia hakuna, moyo wa mgomba hakuna. Yai? "Yai ni nyongeza, dola mbili." Yai la mohinga linakuwaje nyongeza? Mchuzi wa kuku nao ukaja umefungwa kwa wanga, unang'aa kama gundi. Watu wengi wanaogopa yale mafuta yanayoelea juu ya mchuzi wa Kiburma, lakini ndiyo dalili kwamba vitunguu vimekaangwa taratibu hadi maji yakakauka na mafuta yakapanda. Wa kwetu haukuwa na hata tone. Na kwa kawaida wali wa kule unasindikizwa na bakuli la supu, mboga mbichi na kitoweo cha kuchovya cha "ngapi", yaani samaki au kamba waliochachushwa na kusagwa. Sisi tuliletewa wali mkavu na tango vipande viwili.

Haya yote ningeyameza. Saladi ndiyo iliyoniwasha.

Lahpet yenyewe ni majani machanga ya chai yaliyopikwa kwa mvuke, yakashindiliwa na kuachwa yachachuke miezi kadhaa. Yakitoka huko yana rangi ya kijani iliyokolea karibu na weusi, laini, yana uchungu na uchachu kwa pamoja. Yanachanganywa na karanga, ufuta, maharage na dengu za kukaanga zinazolia mdomoni, vitunguu saumu vya kukaanga, kamba wakavu, nyanya, kabichi. Sisi tulipewa lundo la letusi. Letusi, wakuu! Katikati kijiko kimoja cha chai cha kitu cha kijani, ufuta umenyunyizwa, na karanga za chumvi ambazo nina hakika zimetoka kwenye mfuko wa dukani. Dola 14.

Nikageuka. Meza ya nyuma yetu ilikuwa na familia ya Waburma wenyewe. Wao wana sahani ileile niliyoagiza, nasema ileile kwa jina, ila yao nyeusi ti, inang'aa mafuta, kamba wanaonekana, na pilipili mbichi nzimanzima pembeni na punje za saumu. Mezani kwao kuna birika la chai ya kawaida ya bure. Sisi hatujaulizwa hata maji.

Nikamwita mhudumu, kijana mpole, sina neno naye. Nikamwonyesha sahani mbili. Akasema wateja wa nje hawaipendi ikiwa kali, kwa hiyo jikoni wanaipunguza. Nikamuuliza, nani kakwambia sisi hatuipendi? Kimya. Akamwita msimamizi. Huyo ndiye kanimaliza: eti majani yale yana kafeini nyingi, wateja huwa wanalalamika hawapati usingizi, wanatujali. Kweli, kafeini imo, ni majani ya chai na unayala mazima. Lakini mzee wangu anakunywa chai ya rangi saa nne usiku na anakoroma saa tano! Na kama mnanijali usingizi wangu, mbona bei hamkuipunguza pamoja na majani?

Mzee akanivuta mkono, "Achana nao, mwanangu, tushibe twende." Mke wangu akawa anaangalia simu. Aibu niliyoisikia siwezi kuwaeleza.

Bili ikaja. Kuna asilimia 20 ya huduma. Nikauliza, menyu inasema ni kwa meza ya watu sita na kuendelea, sisi watano. Jibu: "Sita, pamoja na mtoto." Mtoto ana miezi tisa! Alichokula ni ndizi aliyotoka nayo nyumbani. Halafu wakanigeuzia tableti ya kulipia: ongeza asilimia 18, 20 au 25. Kitufe cha kukataa kimeandikwa kwa herufi za kutafutia miwani.

Na msije na ile hoja ya kwamba nawabania wahudumu. Najua hapa Indiana mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, zingine atafute kwenye bakshishi. Ndiyo maana nimemwachia yule kijana noti mkononi. Lakini makato ya lazima kwa watu wa kodi wa Marekani si bakshishi, ni mapato ya mgahawa, na mwenye mgahawa ndiye anayeamua kijana apate ngapi. Kwa hiyo jina la "huduma" lisiwababaishe.

Wengine najua mnaandika saa hii, "ni wakimbizi kama sisi, wavumilie." Mama wa Yangon naye mkimbizi, na kopo lake la plastiki lina samaki.

Mkilazimika kwenda huko, semeni kabla hamjakaa kwamba mnataka lahpet wanayokula wao, bila letusi, na msome bili mstari kwa mstari. Na kama kuna mdau anajua pengine huku kusini wanapika mohinga ya kweli Jumamosi asubuhi, aniandikie. Mzee anaondoka mwisho wa mwezi.

Msimamizi alinipa kuponi ya dola 10 "ya kurudi tena." Anayeitaka aje PM.